Sumu ya risasi ni nini?

Mwambie mtu wa Makorora, hapa Tanga, kwamba mtoto ana risasi mwilini, atakuuliza nani kampiga. Ndiyo tabu ya neno hili. Risasi tunayoisema hapa ni madini ya kijivu, laini lakini mazito, yanayokaa ndani ya betri ya gari. Wavuvi wa Sahare wanayajua kwenye chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327, na jiko la mkaa linatosha. Ndiyo maana mtu huivunja betri kuukuu uani, akamwaga asidi yake mchangani, akatia vipande kwenye sufuria na kuanza kupepea. Kiwanda cha kuyeyusha hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa tani. Watu hulalamikia moshi kwa sababu unaonekana. Mimi naliogopa zaidi vumbi lake: hutua barazani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mchanga anaochezea mtoto kisha akatia vidole mdomoni. Baba akirudi na ovaroli ya kazini, amerudi nalo. Na risasi haiozi. Kiwanda kikifungwa, udongo unabaki nayo.

Mwili huichukua kana kwamba ni kalsiamu, madini yanayojenga mifupa, ikajificha mifupani kwa miaka mingi. Mama akishika mimba huweza kutoka tena, ikamfikia aliye tumboni. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya mtu mzima katika ile anayoimeza, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dalili zake hazina sura: tumbo kuuma, choo kigumu, damu kupungua, mtoto kuwa mzito wa kushika masomo. Wengi hawaonyeshi kitu.

Mombasa, si mbali na hapa, wakazi wa Owino Uhuru waliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliuguliwa na mwanawe. Kwanza ilidhaniwa ni malaria na taifodi, mpaka damu ilipopimwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kipimo ni hicho cha damu, na lazima ukiombe kwa jina. Cha malaria hakiioni risasi. Na yale maziwa wanayopewa vijana wa tanuri jioni ili "wasafishe kifua"? Chakula kizuri, lakini hayapiti mapafuni.