Hakuna anayeipiga nyota eksirei

Idi iliyopita nilikuwa Bombo, sahani ya pilau mapajani, shemeji yangu akanigeukia. Yeye kazi yake ni kupiga watu eksirei hospitalini, mimi yangu ni kuchunguza nyota kwa eksirei, kwa hiyo swali lilikuja na uzito wa kikazi: "Shemeji, hiyo mashine yenu ina nguvu kiasi gani hata ipenye nyota na kumwona mwenzake aliyejificha?"

Wanafunzi wameshaniuliza hivyo hivyo. Mwenye bodaboda wangu pia. Leo naandika ili nisirudie tena.

Hatupigi kitu. Eksirei zinatoka kule kule, sisi tunapokea tu. Wala si hodari wa kupenya kama mnavyodhani: angahewa letu linazimeza zote, ndiyo maana vipokezi tunavirusha juu. Setilaiti ya kwanza ya kazi hii peke yake, Uhuru, ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, siku ambayo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru. Jina likatoka hapo. Ndiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3, nyota ndogo itoayo eksirei, hudunda kila sekunde 4.8, na kila baada ya siku mbili na ushee hupotea nyuma ya nyota kubwa inayoizunguka. Hilo ni rahisi, tuliache.

Tatizo ni Eta Carinae, nyota kubwa mno. (Aprili, ukiwa mbali na taa za Kampala, tazama kusini, jirani na Msalaba wa Kusini.) Ina mwenza ambaye nuru yake humezwa na ya mkubwa. Tunajuaje basi kwamba yupo? Ukipita nyuma ya ua ukasikia michi inapokezana kinuni, hujaona mtu, lakini unajua wanaotwanga ni wawili. Upepo wa nyota kubwa, yaani gesi inayopulizwa kutoka usoni pake, ni mzito na wa polepole, kama kilomita 420 kwa sekunde. Upepo huo ukigongana na kitu, mwendo huo hupasha gesi nyuzi milioni chache, basi. Wigo wa eksirei, yaani mgawanyo wa nishati zake, unadai makumi ya mamilioni; hata mstari wa chuma, alama ya chuma kilichochomwa sana, karibu na kiloelektronivolti 6.7 (kipimo cha nishati), unasema hivyo. Upepo ule hauwezi. Lazima kuwe na mwingine unaoukabili, kama kilomita 3,000 kwa sekunde, na upepo huo una mwenyewe. Na hapana, huyo si tundu jeusi (black hole). Si kila kinachotoa eksirei ni tundu jeusi, jamani.

Sasa penye utata. Kila miaka 5.5 hivi nyota hizo hukaribiana. Eksirei hupanda, kisha huporomoka na kukaa chini kwa wiki kadhaa. Maelezo ya haraka ni kupatwa: mahali pa mgongano pamepita nyuma ya upepo mzito. Ningekubali, kama si mwaka 2009, eksirei ziliporudi karibu mwezi mzima mapema kuliko 1998 na 2003. Njia ya nyota haibadiliki hivyo. Pengine upepo wa mkubwa ulipungua. Pengine mgongano wenyewe huzimika, ukabanwa hadi usoni pa mwenza. Nimewahi kulinganisha modeli mbili na data zile zile, zote zikakaa vizuri. Nilichagua moja, na mtu akinibana kwa nini, nitakohoa kwanza.

Nilimwambia shemeji haya yote, pilau ikapoa. Nikamwambia pia kwamba hata yeye husoma kilichozuiwa: mfupa huonekana kwa sababu eksirei zimekwama pale. Kwetu, upepo mzito unazuia zile dhaifu, na kiasi kinachozuiwa hubadilika nyota zinavyozungukana. Kutokana na mabadiliko hayo tunapata mengi kuhusu njia yao.

Akatafuna, akafikiri. "Kwa hiyo mgonjwa wenu huja na taa yake mwenyewe tumboni, na nguo kajivika yeye."

Nimeiiba. Jumatatu naitumia darasani.