Spika ya bei poa kwenye ubao mtupu: maneno ya watu na ukweli wake

"Bila boksi hakuna besi."
Ubao mtupu maana yake spika imefungwa kwenye tundu la ubao, nyuma wazi, bila boksi. Neno hili lina ukweli nusu, na nusu hiyo uielewe kabla hujakata plaiwudi. Koni, yaani ile sehemu ya spika inayotetema, ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Wimbi la Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa mita 3.4, kwa hiyo la nyuma linauzunguka ubao bila shida, linakutana na la mbele, yanafutana. Ubao wa upana wa sm 50 huanza kupoteza besi karibu na Hz 230, na kila oktava unayoshuka (masafa yakipungua nusu), dB 6 za ukubwa wa sauti zinaondoka. Yaani besi hufifia taratibu, haikatiki. Ukiusimamisha ubao sakafuni na kuuongezea mbawa pembeni, njia ya kuzunguka hurefuka na unapata besi ya chini zaidi.

"Chukua yenye sumaku kubwa."
Hapa ndipo hela nyingi huteketea. Sumaku yenye nguvu huibana koni isichezecheze, na kiasi cha kubanwa huko hupimwa kwa namba iitwayo Qts. Spika ya Qts 0.3, yaani iliyobanwa sana, inafaa boksi lenye tundu, au honi (bomba linalopanuka). Kwenye ubao itatoa sauti nyembamba, kavu. Tafuta 0.7 hadi 1, hata zaidi kidogo. Koni isiyobanwa sana hupandisha sauti kwenye masafa yake ya asili ya mtetemo, na masafa hayo mara nyingi ndiyo yaleyale ambayo ubao unapoteza. Raha yake ni kwamba sumaku ndogo ni ya bei rahisi, hivyo spika inayodharauliwa dukani huenda ndiyo yako. Spika nyingi za gari za inchi 6 kwa 9 zina tabia hii, maana zilitengenezwa kukaa kwenye shelfu ya nyuma bila boksi lake.

"Ni ujanja wa asiye na hela ya boksi."
Sivyo. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walipoeleza spika yao ya koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) mwaka 1925, waliifunga kwenye ubao.

"Inatoa sauti zote, kwa hiyo popote utakapokaa ni sawa."
Spika ya inchi 8, kuanzia kama Hz 2,000 kwenda juu, huimulika sauti mbele kama tochi. Ukikaa pembeni, treble (sauti za juu) inakupita. Uelekeze ubao kwako.

"Isogeze ukutani upate besi."
Ushauri wa boksi huo. Sauti ya nyuma ya ubao iko kinyume na ya mbele, na ukuta wa karibu huirudisha ikafute. Acha kama mita moja.

"Besi ikipungua, ongeza kwenye ikwalaiza."
Kuongeza dB 12 kunadai nguvu mara 16, na nyuma ya koni hakuna hewa iliyofungiwa ya kuizuia. Itagonga mwisho wake, koili iungue. Afadhali sabufa ishike kazi chini ya Hz 150, spika yako ya ubaoni ibaki na sauti za waimbaji na magitaa.