Kidonge cha lipasi hakiyeyushi kitambi

"Daktari, hili kopo la tatu sasa, mbona tumbo liko vilevile?" Wiki hii nimeulizwa tena, kopo la vidonge vya lipasi likiwa mezani, vidonge vichache vimebaki chini. Hasira yangu si kwa anayeuliza, ni kwa aliyemuuzia akimwambia vitayeyusha kitambi.

Lipasi ni kimeng'enya, yaani protini inayokata mafuta, na ile ya kumeza hufanya kazi kwenye njia ya chakula tu. Hukata trigliseridi, yaani mafuta ya kawaida ya mlo: asidi mbili za mafuta zinatoka, kipande kiitwacho monogliseridi kinabaki, na vipande hivyo ndivyo utumbo unavyoweza kuvifyonza. Yaani lipasi huyaingiza mafuta mwilini! Orlistat, dawa halisi ya kupunguza uzito, hufanya kinyume: huizuia lipasi, na takriban asilimia 30 ya mafuta ya mlo hutoka na kinyesi.

Tena lipasi ya kumeza haipenyi utumbo ikafika kitambini. Ni protini, nayo mwisho wake humeng'enywa kama protini nyingine. Mafuta ya akiba huvunjwa na lipasi nyingine kabisa, zinazotengenezwa ndani ya seli za mafuta zenyewe, zikiongozwa na homoni: insulini huzituliza ukishakula, adrenalini huziamsha ukifanya mazoezi. Hakuna kidonge cha lipasi kinachofika huko.

Wengine husema nyongo ndiyo inayomeng'enya mafuta. Nyongo haina lipasi; chumvi zake huyatawanya mafuta yawe matone madogo, kisha lipasi ya kongosho huyakata. Na aliyetolewa kifuko cha nyongo bado anayo nyongo, maana hutengenezwa na ini.

Lipasi ya damu ikiwa juu sana, je, kongosho limeumia sana? Hapana. Ikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu ya tumbo, hutusaidia kutambua kuvimba kwa kongosho. Ukali wa ugonjwa huo haiuonyeshi.

Wapo wanaozihitaji kapsuli za lipasi kwelikweli: kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha, kinyesi kina mafuta, kinanuka na kuelea, uzito unashuka, vitamini A, D, E na K zinapungua. Hao nawasihi kila kliniki: meza kapsuli na tonge la kwanza, si saa nzima kabla wala baada ya kula. Na usitafune. Ukiifungua utaona chembe ndogondogo, kila moja na ganda lake la kuikinga na tindikali ya tumbo. Ganda likipasuka mdomoni, lipasi inaharibika kabla ya kufika utumboni, na mdomo wenyewe unaweza kuchubuka.