Coronelismo: kanali asiyejua kambi ya jeshi

Ukisoma historia ya Brazil ya kati ya 1889 na 1930 utakutana na makanali wengi mno, na wengi wao hawakuwahi kulala kambini hata usiku mmoja. Walikuwa wenye mashamba. Coronelismo, au tuuite ukanali, ni jina la siasa iliyojengwa juu ya watu hao: mwenye ardhi anakusanya kura za wanaomtegemea, anazipeleka kwa gavana wa jimbo, na gavana anamwachia wilaya yake aitawale apendavyo.

Cheo chenyewe kilitoka Guarda Nacional, kikosi cha raia kilichoanzishwa mwaka 1831, miezi michache baada ya Mfalme Pedro I kujiuzulu na kumwachia kiti mwanawe wa miaka mitano. Serikali haikuliamini jeshi, kwa hiyo ikawapa vyeo matajiri wa kila mahali ili walinde amani kwa kutumia watu wao. Tajiri mkubwa wa wilaya akawa kanali. Baadaye kikosi kilififia, cheo kikabaki midomoni mwa watu. Hata asiye na cheti chochote aliitwa kanali ilimradi ana ardhi na watu.

Utumwa ulifutwa Mei 1888, jamhuri ikatangazwa Novemba 1889, lakini ardhi haikugawanywa. Aliyeachwa huru, na maskini mwenziwe ambaye hakuwahi kuwa mtumwa, waliishi kwenye ardhi ya kanali na kukopa dukani kwake. Mtu akiugua, kanali ndiye anayelipia dawa. Mwanawe akikamatwa, kanali ndiye anayezungumza na polisi. Siku ya uchaguzi angemnyima nini?

Katiba ya 1891 iliwazuia wasiojua kusoma na kuandika wasipige kura, yaani sehemu kubwa ya wananchi, na wanawake nao hawakupiga. Hilo halikumsumbua kanali. Mtu wake alifundishwa kuchora jina lake tu, basi, amekuwa msomi. Kisha sheria ya 1904 ikaruhusu kura ya wazi kwa karatasi mbili: moja inaingia sandukuni, ya pili inatiwa saini na wasimamizi na mpiga kura anaondoka nayo. Risiti kamili. Unadhani alikwenda kumwonyesha nani?

Wabrazili waliiita voto de cabresto, kura ya hatamu. Sisi tumezoea kusikia chama kikishika hatamu. Wao neno hilo walilitazama kutoka upande wa punda. Wapiga kura wa kanali waliitwa curral, yaani zizi, na jina halikuwa mbali na ukweli: waliletwa mjini, wakawekwa mahali pamoja chini ya ulinzi, wakalishwa na kunyweshwa mpaka saa ya kupiga kura. Pale ambapo hata hayo yalionekana usumbufu, kulikuwa na uchaguzi wa ncha ya kalamu: wasimamizi wanakaa mezani, wanaandika matokeo, na marehemu nao wanahesabiwa.

Ni rahisi kumwona kanali kama mfalme mdogo wa porini. Mwanasheria Victor Nunes Leal, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1949, alimwona zaidi kama dalali, nami naona alikuwa sahihi. Uchumi wa shamba ulikuwa unadhoofika, kwa hiyo kanali alihitaji serikali imteulie mwalimu, mkuu wa polisi na mtoza ushuru anaowataka yeye. Serikali nayo ilihitaji kura za vijijini. Nguvu za kanali zilikuwa za kuazima: gavana akimhamishia polisi hasimu wake wa ng'ambo ya pili ya mto, habari yake imekwisha. (Leal mwenyewe alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na mwaka 1969 utawala wa kijeshi ukamwondoa.)

Rais Campos Sales, aliyetawala 1898 hadi 1902, aliikamilisha ngazi hiyo hadi juu. Magavana wamletee wabunge watiifu, naye asiwaguse majimboni mwao. Mpinzani aliyeponyoka akashinda alikutana na kamati ya bunge ya kuthibitisha ushindi, ikamnyima kiti. Hiyo waliiita degola, kukatwa shingo. Urais ukawa wa kupokezana, zaidi kati ya majimbo mawili, São Paulo ya kahawa na Minas Gerais ya maziwa.

Getúlio Vargas alitwaa madaraka mwaka 1930, na sheria ya uchaguzi ya 1932 ikaleta kura ya siri, kura ya wanawake na mahakama za uchaguzi. Wasiojua kusoma walisubiri hadi 1985.

Neno lenyewe halijastaafu. Siku hizi husikika coronelismo eletrônico, ukanali wa mitambo: mwanasiasa anayemiliki redio au televisheni jimboni kwake, masafa yakichukua nafasi ya ardhi. Leseni nyingi za namna hiyo ziligawiwa miaka ya 1980, José Sarney akiwa rais, wakati bunge la katiba likijadili muhula wake uwe wa miaka minne au mitano. Alipata mitano.