Kabla hajafungua simu kubeti, alikuwa anahisi nini?

Wazazi na wenzi wanaotuletea sisi tunaotibu uraibu mtu aliyenaswa na kubeti au gemu huwa na ombi moja: "Mwambieni aache." Lakini keshaambiwa. Keshanyang'anywa simu, keshaapishwa mbele ya wajomba, na baada ya wiki mbili yuko palepale. Ambalo hajaulizwa na mtu ni hili: dakika chache kabla ya kuishika ile simu, alikuwa anahisi nini?

Chukua dereva wa bodaboda anayepaki Sabasaba, hapa Dodoma. Saa kumi na moja jioni hesabu ya siku haijatimia, na tajiri mwenye pikipiki ameshampigia simu mara mbili akimfokea. Kifua kimembana, ana hasira na aibu, na pale kijiweni hana wa kumwambia. Anatoa simu, anasuka mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa mechi nane. Akiwa bado anachagua timu, kifua kinaanza kulegea. Hakuna mechi iliyoanza wala shilingi iliyoingia, lakini nafuu keshaipata. Ubongo wake umejifunza kwamba ukiumia, dawa iko hapa. Kesho akigombana na mkewe, utamkumbusha dawa ileile.

Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye sapu tatu, gemu hufanya kazi hiyohiyo hata kama haina pesa. Mle ndani anaweza, anapanda ngazi, anasifiwa. Nje kuna matokeo na simu ya baba.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari na uraibu wa gemu katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Kipimo si idadi ya saa. Linaloangaliwa ni kushindwa kujizuia, mchezo kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea huku madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto anayecheza gemu likizo nzima lakini akiitwa kula anakuja, shule ikifunguliwa anasoma, si mraibu. Tusimbandike jina hilo.

Michezo yenyewe nayo inajua kuzichezea hisia. Mashine ya dubwi, ile ya kamari ya sarafu, hulipa bila mpangilio unaotabirika, na malipo ya namna hiyo humng'ang'aniza mtu kuliko yale yenye utaratibu. Utafiti wa picha za ubongo uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mchezaji wa mashine anapokosa ushindi kwa chupuchupu, sehemu za ubongo zinazoamka anaposhinda huamka pia. Ndiyo maana mkeka uliochanwa na timu moja haumkatishi tamaa, anaona alikuwa karibu. Kisha anataka kurudisha hela. Sasa ana maumivu ya mwanzo, ana na ya hasara juu yake, na mara nyingi ana mkopo wa kausha damu.

Kumudu hisia ni ujuzi, na vijana wetu wengi wa kiume hawakufundishwa. Walichofundishwa ni kumeza: mwanaume halii. Hapa nasema wazi kwamba malezi hayo yanatuumiza. Mwanasaikolojia wa Marekani James Gross na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba anayeficha hisia usoni haipunguzi huzuni wala karaha yake, na mwili wake unaendelea kuhemka ndani. Kinachosaidia zaidi ni kulitazama upya jambo lenyewe mapema, kabla hisia haijapanda. Tajiri amefoka kwa sababu hesabu imepungua, si kwa sababu mimi si mtu.

Katika matibabu ya mazungumzo tunaanzia hapo. Mtu anajifunza kuitaja hisia kwa jina lake: nimefedheheka, naogopa, nina upweke. Anajifunza kwamba arosto ya kubeti hupanda kisha ikashuka yenyewe, kwa hiyo anaahirisha kwa nusu saa na kuondoka mahali alipo. Dereva wetu anaweza kumtumia tajiri hesabu kila anapopata, ili saa yake mbaya isimkute na pesa kwenye simu. Ninyi wa nyumbani, msimlipie madeni kimyakimya, wala msimzomee. Matusi yanamrudishia aibu ileile iliyompeleka kwenye mkeka.

Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapahapa Dodoma tangu mwaka 1927, na bado jina lake tunalitumia kutukanana. Inasikitisha, maana wapo wanaoona heri wauze kiwanja kuliko kuonekana getini pale. Kama Mirembe inakutia hofu, anzia hospitali ya wilaya au kituo cha afya, eleza kinachokusumbua bila kuficha madeni.

Na mtu wako akianza kusema heri afe, au akaanza kugawa vitu vyake na kuaga, usingoje Jumatatu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache aende peke yake.