Ganzi ya Kiganja na Upasuaji wa Tundu Dogo: Maswali na Majibu

Swali: Ugonjwa huu ni upi?

Mshipa wa fahamu unaoingia kiganjani hupita katika njia finyu kwenye kifundo cha mkono. Ukibanwa hapo, kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete hufa ganzi, hasa usiku. Kidole cha mwisho husalimika.

Swali: Upasuaji wa tundu dogo una matokeo gani?

Daktari huchana ngozi takribani sentimita 1, hupitisha kamera nyembamba, kisha hukata kano inayobana. Kwa wengi, ganzi ya usiku hupungua ndani ya siku chache, ingawa nguvu ya kushika hurejea polepole kwa miezi 2 au 3. Ukilinganishwa na upasuaji wa wazi, ambao ngozi huchanwa zaidi bila kutumia kamera, huu humrudisha mtu kazini mapema zaidi, lakini baada ya miezi kadhaa matokeo ya njia zote mbili hulingana. Kwa hiyo, tafadhali, mtu asikae nyumbani akisubiri kamera ilhali upasuaji wa wazi unapatikana.

Swali: Je, naweza kusubiri mbalamwezi, uvuvi wa dagaa kwa taa ukisimama?

Hapana. Mbalamwezi moja huwa mbili, mbili huwa mwaka. Washona nyavu na wakata minofu ya sangara hapa Mwanza hutufikia hospitalini wakiwa hawawezi kufunga kifungo cha shati, na nyama ya shina la kidole gumba imebonyea. Viweke viganja vyako sawia, uvitazame kama nyama hiyo imebonyea.

Swali: Nyama hiyo itarudi nikipasuliwa?

Mara nyingi hairudi yote, na pengine hairudi kabisa, hata mkono ukipasuliwa na bingwa. Ndiyo maana tunarudia: njoo ganzi ikiwa bado ya kuja na kuondoka, kwani katika hatua hiyo gango la usiku (kifaa cha kunyoosha kifundo cha mkono) au sindano kwenye njia ile finyu huweza kutosha, na ujauzito au kisukari, vinavyoweza kuchangia ganzi hii, hutazamwa mapema.

Swali: Vipi kuhusu chale, na kukanda kwa maji ya moto?

Hapana, na tena hapana. Chale hazifiki kwenye kano inayobana, nao mkono wenye ganzi huungua mwenyewe asijue. Tumefunga vidonda vya namna hiyo mara nyingi mno. Sindano za maumivu za kila wiki kutoka duka la dawa hutuliza kidogo tu, huku mshipa ukiendelea kufa.

Swali: Nifanye nini baada ya upasuaji?

Kunja na kunjua vidole tangu siku ileile, inua mkono juu ya usawa wa kifua, na usibebe ndoo wala kuvuta kamba hadi daktari akuruhusu. Kidonda kikitoa usaha, rudi siku hiyohiyo.