Ukichora nyubon yuniti, anza na kitanda cha mama

Mimi ni daktari wa watoto wachanga hapa Nairobi, na nikiitwa kwa mkutano wa kujenga nyubon yuniti mpya, yaani wodi ya watoto wachanga wagonjwa au waliozaliwa kabla ya wakati, mazungumzo huanza na inkubeta (kisanduku cha kumpa mtoto joto) ngapi, ventileta (mashine ya kupumulia) ngapi. Mimi nauliza kwanza, mama atalala wapi? Mara nyingi kwa ramani hayuko, amewekewa tu benchi huko kwa korido.

Sasa chukua mama amefanyiwa upasuaji jana, wodi yake iko chini na mtoto yuko juu, na kila masaa matatu lazima apande ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine kikombe cha maziwa aliyokamua. Ikifika saa tisa usiku mwili unakataa, anakosa kwenda, na maziwa nayo yanaanza kupungua.

Na hii si mambo ya huruma tu. Kuna utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotoka 2021, ulifanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, wakawekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungoja kwanza watulie, na vifo vya siku 28 za kwanza vikashuka kwa robo hivi. Ilibidi vitanda vya akina mama viingizwe ndani ya yuniti yenyewe. Mtu ataniambia mama ataleta maambukizi, lakini hata maambukizi yalipungua, muhimu ni anawe mikono, kwa hivyo sinki iwe pale anapoingilia, na isiwe karibu na meza ya kuchanganyia dawa kwa sababu maji yakiruka yanabeba bakteria.

Halafu soketi na oksijeni, hapa ndio ramani nyingi zinaharibika. Zikiwekwa kwa ukuta wa inkubeta pekee, mtoto wa sipapu (CPAP, mashine ya kusukuma hewa puani kumsaidia kupumua) hawezi kutoka hapo kwa sababu paipu haifiki kwa mama, na mtoto wa sipapu anaweza kabisa kukaa kifuani akiangaliwa vizuri. Weka soketi na oksijeni kando ya kila kitanda cha mama, na zile soketi ziwe kwa laini ya jenereta, stima ikipotea mashine isizime.

Kelele pia: inapendekezwa isipite desibeli 45, na alamu ya mashine peke yake inapita hapo, kwa hivyo ongeeni kuhusu dari ya kufyonza sauti mapema, kabla simiti haijamwagwa.